Dola 25,000 za Shangazi: Nani Kaweka Kima cha Chini?

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano usiku. Tulikuwa kimbwetani, watu watano na tochi za simu, tunabanana na Saikolojia ya Elimu kwa ajili ya mtihani wa asubuhi. Aliyetuma ni shangazi yangu, dada yake baba, anayeishi Ohio, Marekani, na kufanya kazi ya kutunza wazee. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi.

"Mama, hujalala? Kuna karatasi nakutumia, unisomee taratibu. Wanasema kima cha chini ni elfu ishirini na tano. Mimi ninazo thelathini na moja. Naona kama Mungu kanifungulia mlango."

Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi. Alichokikosa ni mtu wa kukaa naye mezani na kurasa 34 za maandishi madogo, mtu ambaye kesho hatakwenda kuwasimulia wengine kanisani kwamba fulani ana dola 31,000. Na mimi si ndiye "mwalimu" wa ukoo?

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye kazi yake ya zamani shangazi alikatwa mshahara kwa miaka 11, hela zikaingia kwenye mfuko wa kustaafu wa kazini unaoitwa 401(k). Aliacha kazi ile akiwa na miaka 52. Sasa ana 56, na hela bado zimekaa kulekule. Kampuni moja ikampigia simu: azihamishe, afungue akaunti ya kustaafu ya dhahabu, anunuliwe sarafu na vipande vya dhahabu vikae kwenye hifadhi mpaka uzeeni. Eti na sarafu kadhaa za fedha za bure juu yake.

Nilifanya kosa ambalo mwanafunzi wa ualimu hapaswi kulifanya. Nilitafuta harakaharaka kwenye simu, nikaona 25,000 hapa, 10,000 pale, 50,000 kwingine, nikamjibu: "Shikamoo shangazi. Ndiyo, ndicho kiwango chao huko." Nikarudi kwa Piaget.

Siku mbili baadaye, mtihani umeisha, ndipo akili ikanirudi. Kama ni kiwango cha nchi, mbona viko vitatu?

Nadhani neno lenyewe lilichangia kutupoteza. Kwetu ukisema "kima cha chini", kichwa kinakimbilia mshahara: kima cha chini cha mshahara, kile kinachotangazwa na serikali na kila mtu anakijua. Kwa hiyo shangazi aliposikia kima cha chini cha akaunti ya dhahabu, alielewa kwamba serikali ya Marekani imepanga, na yeye kwa bahati amekivuka. Nami nikaelewa hivyohivyo. Ikabidi nisome upya, safari hii kwa kalamu na daftari, nikianzia kwenye sheria yenyewe.

Akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, ambayo Wamarekani huiita IRA, ilianzishwa na sheria ya mwaka 1974. Mwaka huohuo, tarehe 31 Desemba, raia wa Marekani waliruhusiwa tena kujiwekea dhahabu, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa tangu 1933, enzi za Rais Roosevelt. Lakini dhahabu na akaunti hizi hazikuoana mara moja. Sheria ya 1981 iliitia dhahabu kwenye kapu moja na michoro, mazulia, vito, stempu na hata pombe za kukusanywa: ukinunua vitu hivyo kwa hela ya akaunti, unahesabiwa kuwa umeitoa hela hiyo, na kodi inakuhusu. Mwaka 1986 Bunge lao likalegeza kwa ajili ya sarafu za American Eagle, ambazo serikali yenyewe inazitengeneza. Mwaka 1997 likaruhusu na vipande vya dhahabu, fedha, platinamu na paladi, kwa masharti ya usafi.

Kwa dhahabu, sharti hilo ni sehemu 995 safi kati ya 1,000. American Eagle imesamehewa, maana ni karati 22, kama sehemu 917 tu. Krugerrand ya Afrika Kusini nayo ni karati 22, lakini haikusamehewa, hairuhusiwi. (Mnaosoma uraia mtaona nani alikuwa anatunga sheria.)

Sharti lingine: dhahabu ishikwe na benki au taasisi iliyokubaliwa na mamlaka ya mapato, IRS. Shangazi aliuliza kama anaweza kukaa nazo mwenyewe kabatini. Hapana. Mwaka 2021 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua kesi ya mwanamke aliyeweka sarafu za akaunti yake nyumbani, na ikasema hizo amekwisha kuzichukua, alipe kodi.

Nilipekua nikitafuta dola 25,000 kwenye masharti hayo. Hazimo. Wala 10,000 hazimo. Kima cha chini ambacho sheria inakidai kwa dhahabu inayoingia ni cha usafi, si cha hela. Sarafu ndogo kabisa ya dhahabu ya American Eagle ina sehemu moja ya kumi ya aunsi, yaani gramu 3.11 za dhahabu. Kwa upande wa sheria, mtu angeweza kuwa na hiyo moja tu na akaunti yake ikawa halali kabisa.

Sheria haina sakafu, ila ina dari. Kwa mwaka 2025 mtu aliweza kuchangia kwenye akaunti zake za aina hii si zaidi ya dola 7,000, au 8,000 kama ametimiza miaka 50. Hapa ndipo naomba mwanachuo mwenzangu uchukue kalamu, kwa sababu hesabu hii ya darasa la tano ndiyo iliyonifungua macho.

Chukua mtu wa miaka 40 anayetaka kuingia kwenye kampuni yenye kima cha chini cha dola 50,000. Kila mwaka anaruhusiwa 7,000. Miaka saba ni 49,000. Amepungukiwa 1,000, anangoja mwaka wa nane. Sasa mchukue shangazi na 25,000: kwa 8,000 kwa mwaka, miaka mitatu ni 24,000. Naye amepungukiwa 1,000, anangoja wa nne. Na hapo tumechukulia kwamba wanafika darini kila mwaka, na dari haijapandishwa.

Basi jiulize, kampuni inayosema "anza na 50,000" inamtafuta nani? Hamtafuti mfanyakazi anayejiwekea kidogokidogo. Huyo sheria yenyewe inamzuia kuanza na kiasi hicho. Inamtafuta mtu mwenye hela iliyokwisha kulundikana mahali pengine, kwa sababu hela inayohama kutoka mfuko wa kazini kwenda kwenye akaunti hizi haihesabiwi kwenye ile dari. Yaani inamtafuta aliyeacha kazi, aliyekaribia kustaafu, mwenye mfuko wa zamani usio na wa kuuangalia. Inamtafuta shangazi. Kile alichokiona kama mlango aliofunguliwa kilikuwa kichujio, na yeye ndiye aliyekusudiwa kubaki juu ya kichujio hicho.

Sitaki kuwaonea wafanyabiashara hao. Kima cha chini kina sababu ya haki pia, na waliyenisaidia kuiona ni wanafunzi wa kidato cha kwanza nilikokuwa nafanya mazoezi ya kufundisha. Niliwapa swali la asilimia bila kutaja Marekani wala dhahabu: duka linatunza mali ya mteja kwa ada ya 250 kwa mwaka, iwe mali ndogo au kubwa, tafuta ada ni asilimia ngapi ya mali ya 5,000, ya 25,000 na ya 100,000. Walipata asilimia 5, asilimia 1, na robo ya asilimia. Nikauliza, ungekuwa mwenye duka ungefanyaje? Kijana wa nyuma, yule ambaye huwa haandiki, akasema: "Ningemwambia wa elfu tano asije, mwalimu. Atalalamika." Mwingine akasema ni kama duka la jumla, hawakuuzii soda moja, wanauza kreti, kwa sababu kukuhudumia ni kulekule.

Wote wawili wako sawa. Nambari 250 niliitoa kwenye karatasi za shangazi, ukurasa wa 27: dola 100 za msimamizi wa akaunti na 150 za hifadhi, kila mwaka, dhahabu ipande isipande. Mwenye 5,000 akikatwa 250 kila mwaka, kwa miaka kumi ametoa 2,500, nusu ya alichoanza nacho. Kumkataa mtu huyo ni kumsaidia. Lakini angalia tena hizo ada zinakwenda kwa nani. Katika biashara hii wapo watu watatu: muuzaji wa dhahabu, msimamizi wa akaunti, na mwenye hifadhi. Za msimamizi na za hifadhi tumeziona, 250. Aliyeweka 25,000 ni muuzaji, na jina lake halimo kwenye ukurasa wa 27. Yeye anakula wapi?

Anakula kwenye bei. Nilipata shida kulielewa hili, kwa hiyo nalieleza polepole. Dhahabu ina bei ya soko la dunia. Sarafu huuzwa juu ya bei hiyo, maana kuna gharama ya kuifua na faida ya muuzaji, na mtu akirudi kuiuza hununuliwa kwa bei ya soko au chini kidogo. Tofauti ya kununua na kuuza ikiwa ndogo, maisha yanaendelea. Ila sarafu "maalumu", zinazosifiwa kwa uchache wake au muundo wake, zinaweza kuuzwa kwa nyongeza kubwa mno ambayo hakuna atakayekurudishia.

Tuseme muuzaji anaongeza asilimia 5, na siku ya kununua tena anatoa asilimia 98 ya bei ya soko. Ukitoa 25,000 unapata dhahabu ya 23,810. Ukiirudisha kesho yake unapewa kama 23,333. Umepoteza 1,667. Sasa tuseme nyongeza ni asilimia 30. Unapata dhahabu ya 19,231, ukiirudisha unapewa 18,846. Umepoteza 6,154 kwa usiku mmoja, na bei ya dhahabu haijatikisika. Ili urudi tu pale ulipokuwa, dhahabu inabidi ipande kwa karibu asilimia 33. Namba hizi ni za mfano, lakini njia ni hiyohiyo kwa namba yoyote utakayopewa.

Ukishaona hivyo, kima cha chini kinasomeka upya. Nyongeza ya asilimia 30 juu ya dola 500 hailipi simu za wiki mbili, kijitabu cha rangi na sarafu za bure. Juu ya 25,000 inalipa vyote, na inabaki. Na haya si maneno ya kimbwetani tu. Septemba 2020 tume ya Marekani inayosimamia biashara ya bidhaa, CFTC, pamoja na wadhibiti wa majimbo 30, iliwafungulia mashtaka wauzaji wa madini hayo ikidai kwamba waliwalenga wazee na akiba zao za kustaafu, na kuwauzia kwa bei zilizopandishwa mno.

Kumwambia mtu aliyekulipia ada ya mwaka wa kwanza, kabla bumu halijatoka, kwamba ulimjibu ovyo si jambo jepesi. Niliandika ujumbe nikafuta, mara tatu. Mwisho nikapiga. "Shangazi, nisamehe, nilikudanganya bila kukusudia. Hakuna kima cha chini cha serikali." Akanyamaza. Kisha akasema, "Fomu ya kufungua akaunti nimeshaweka saini, mama. Ya kuhamisha hela bado."

Nilishukuru kwa hiyo "bado". Hatari nyingine ilikuwa imejificha kwenye ile fomu ya pili. Hela za mfuko wa kazini zikihama moja kwa moja kutoka taasisi hadi taasisi, hakuna anayekatwa kitu. Lakini zikilipwa kwa jina lake, mwajiri anatakiwa kukata asilimia 20 kwanza kwa ajili ya kodi. Asilimia 20 ya 31,000 ni 6,200. Mkononi angepokea 24,800. Yaani angeshindwa kufika hata kwenye 25,000 yao kwa dola 200! Halafu ana siku 60 za kuweka zote 31,000 kwenye akaunti mpya, akizitafuta zile 6,200 mfukoni mwake. Asipozipata, kiasi hicho kinatozwa kodi ya mapato, na kwa kuwa hajafika miaka 59 na nusu, kuna adhabu ya asilimia 10 juu yake, dola 620. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya kuweka tiki, vimekaa jirani kama mapacha.

Kuna kima cha chini kimoja cha hela ambacho sheria hiyo inakijua, na hakuna muuzaji aliyemtajia shangazi. Ni cha kutoa. Katika akaunti ya kawaida, ile ambayo kodi hulipwa mwishoni, mwenye akaunti akifika umri fulani analazimika kutoa kiasi cha chini kila mwaka ili serikali ipate kodi yake. Umri huo kwa sasa ni miaka 73, na kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, kama shangazi, utakuwa 75. Kwenye akaunti ya hela ni rahisi, unatoa. Kwenye dhahabu, huwezi kuchukua kipande cha aunsi kumi ukakikwangua kama sabuni ya mche. Unauza, kwa bei ya siku hiyo, au unachukua sarafu nzima na kulipia kodi thamani yake. Hapo mwenye sarafu ndogondogo ana nafuu kuliko mwenye kipande kimoja kikubwa, ingawa sarafu ndogo nazo huuzwa kwa nyongeza kubwa zaidi kwa kila gramu. Mzee wa miaka 75 kupigiwa hesabu hizo kila mwaka, sijui.

Simwambii mtu dhahabu ni mbaya. Oktoba 2025 aunsi moja ilivuka dola 4,000, na walioishika walicheka. Ila wapo walioinunua Januari 1980 karibu na dola 850 na kuikuta chini ya 260 mwaka 1999. Hiyo ni karibu miaka 20, na shangazi miaka 20 ya kungojea hana. Anayeitaka kidogo tu anaweza kuipata bila kupita kwenye kichujio cha mtu. Tangu 2004 iko mifuko mikubwa kwenye soko la hisa la Marekani inayonunua dhahabu na kuiweka ghalani, kisha kuuza hisa zake. Hisa hizo hununuliwa ndani ya akaunti ya kustaafu ya kawaida, na mawakala wengi wakubwa wa hisa hawaweki kima cha chini cha kuifungua. Mmoja wa mifuko hiyo hukata asilimia 0.4 kwa mwaka. Kwa dola 3,000 ni dola 12. Ubaya wake ni kwamba hutaishika sarafu mkononi kamwe, na mtu anayeogopa kwamba mabenki yote yataanguka hatafurahishwa na karatasi nyingine.

Niliandika maswali matatu, shangazi akayasoma kwa simu kwa yule muuzaji, mimi nikiwa nasikiliza kwenye laini ya pili. Nani ameweka 25,000? "Ni utaratibu wa kampuni yetu." Hifadhi na usimamizi ni kiasi gani kwa mwaka? Akataja 250, kama ukurasa wa 27. La tatu: nikinunua leo kwa 25,000 na kesho nikawarudishia sarafu zilezile, mtanipa ngapi? Hapo akaanza kueleza historia ya mfumuko wa bei. Shangazi akarudia swali. Akasema bei hubadilika. Shangazi akarudia mara ya tatu, kwa ile sauti anayotumia kwa mgonjwa asiyetaka dawa, na jamaa akasema atamuuliza mkubwa wake.

Kesho yake akapiga. Jibu la swali la tatu hakuwa nalo, ila alikuwa na habari njema: kwa heshima ya mama, wamekubali kima cha chini kiwe 10,000.

Shangazi alinitumia ujumbe wa sauti akicheka mpaka anakohoa: "Mama, serikali ya Marekani imenipunguzia bei."

Ile akaunti aliyoiwekea saini ameiandikia barua ya kuifunga, haikuwa imeingia senti. Hela bado ziko kwenye mfuko wa kazi ya zamani. Jumamosi tutakaa tena kwenye simu, maana ameniambia nao pia una ada zake, na karatasi zake hajawahi kuzifungua tangu aache kazi.